Huku kwetu hakuna kutembea bure

Ukitaka majirani wa huku Shinyalu, Kakamega, waanze kukuombea, toka na familia yako yote Jumapili mchana mikono mitupu, halafu mkiulizwa mnaenda wapi useme hatuendi mahali, tunatembea tu. Hio jibu haikubaliki. Mtu hutembea akienda kusaga, akienda soko, akienda kanisa ama akifuata ng'ombe amekata kamba. Baba, mama na watoto wote wakionekana barabarani pamoja wamevaa viatu, hio ni matanga. Kuna mama mmoja alitusimamisha pale kwa daraja akatushika mkono mmoja baada ya mwingine akauliza polepole, "ni nani ametuacha?" Nikamwambia hakuna mtu mama, tunanyoosha tu miguu. Akatuangalia na ile sura ya mtu anajua anafichwa kitu.

Mimi nimelelewa Nakuru na huko mkitoka mmetoka. Mnapanda Menengai, mnasimama pale juu mnaangalia hio kaldera, lile shimo kubwa la volkano lenye upana wa kama kilomita 12, mvuke unatoka huko chini, mnakula chapati na soda, mnapigana picha, mnashuka. Sasa ukiolewa ushago na hizo akili zako za Nakuru unashangaa kwanini watoto wako, wenye wamezaliwa karibu na msitu watu wanapanda ndege kuja kuuona, wanalia miguu kabla hata hamjafika barabara kubwa. Kwao huo msitu ni ukuta tu wa kijani uko hapo nyuma ya shule.

Mwenye alibadilisha mambo ni kukhu wao, mama mkwe wangu, na sidhani hata alikua anajaribu. Tulikua tunatoka akamwita wa katikati akampa kikapu akamwambia ukiona uyoga kwa kichuguu usinipite nao. Ni hivyo tu. Huyo mtoto hakuuliza tena tutafika lini, alitembea mbele yetu macho chini mpaka ikabidi sisi ndio tumwambie asimame tupumue. Kutoka hio siku kwangu ilikua sheria kwamba hatutoki bila shughuli, hata kama ni ya kusingizia, hata kama ni kupelekea shangazi yao mbegu ya mboga ambayo angeweza kuja kujichukulia mwenyewe. Mtoto wa huku ukimwambia "tuende tukaone mandhari" anakuona umepotea. Mwambie tuende tukatafute kitu, hapo sasa yeye ndio anakuharakisha.

Hobi kubwa ya hii familia ni kumbikumbi, msinicheke. Zile za usiku kila mtu anazijua hata watu wa mjini, mvua imenyesha jioni unawasha taa ya nje, unaweka beseni ya maji chini yake, zinakuja zenyewe zinaanguka ndani, na stima ikipotea mchezo umeisha. Hio mimi naita kuokota. Kazi yenyewe ni zile za mchana, zile za kutolewa kwa kichuguu kwa kupigiwa vijiti, na hio lazima mzee awe hapo kwa sababu kuna vichuguu vya aina na aina na kila moja iko na wakati wake na saa yake ya kutoa. Kukhu akiamka asubuhi baada ya mvua anatoka anaangalia anga, anaenda anakishika kichuguu na kiganja, anarudi anasema "leo" ama "bado". Hajawahi kunieleza anasikiliza nini.

Kichuguu chake kiko nyuma ya migomba na ni chake, usikiguse. Huku kichuguu kina mwenyewe hata kama kiko mpakani, na nimeona watu wazima na heshima zao wakinuniana mwezi mzima juu ya kumbikumbi. Anaanza kwa kukwangua udongo juu na jembe kidogo tu mpaka mashimo yaonekane, anapinda fito anazichomeka juu yake, anafunika na blanketi kuukuu na majani ya migomba mpaka ndani kunakua giza tupu, anaacha upenyo mmoja upande wenye mwangaza. Hapo kwenye upenyo anachimba kishimo anatumbukiza sufuria. Halafu analaza kijiti kikavu chini, watoto wanakaa kwa vigoda na kila mtu vijiti viwili mkononi, wanaanza kukipiga mfululizo, haraka haraka, bila kuacha, na huku kukhu ananyunyiza maji na mkono. Wazee wanasema zikisikia huo mlio huko chini zinadhani mvua inanyesha.

Sasa hapo ndo uvumilivu uko. Unapiga mpaka mkono unakufa ganzi na hakuna kitu. Halafu wanatoka askari, wale wenye vichwa vikubwa vyekundu, wanazunguka kwa mdomo wa shimo wakikagua, ukiweka kidole wanang'ata hawaachi. Kukhu akiona askari anasema ongezeni, na watoto wanaongeza, na baadaye kidogo unaona bawa moja la kahawia limejitokeza, linang'aa, bado limelala mgongoni, halafu zinaanza kusukumana zote kwa wakati mmoja zikikimbilia mwangaza na kuanguka kwa sufuria tap tap tap. Kitinda mimba hangojangi kupikiwa. Anashika moja, anang'oa mabawa, anatia mdomoni hivo hivo hai. Ni mafuta mafuta na utamu kwa mbali, mimi ilinichukua muda lakini sai sikatai.

Za kupika zinaenda kwa sufuria kavu, usiweke mafuta ziko na yao, chumvi kidogo, unakoroga mpaka uanze kusikia zinakwaruza. Halafu ungo nje mlangoni unapepeta mabawa yanapeperuka, kuku wote wa kijiji wako hapo wamejialika. Na ugali wa wimbi. Sitaki kusema zaidi nitalia.

Kitu nimependa ni maswali yenye hio sufuria imeleta kwa nyumba. Zenye mabawa ni madume na majike, zikitoroka kukhu (na nyingi zinatoroka) zinaruka kidogo, zinaangusha mabawa, zinapatana mbili mbili, zinaingia ardhini kuanza kichuguu kingine na hio jike ndo inakua malkia. Huyu wa katikati akasema basi tukizila zote hakutakua na vichuguu. Kukhu akamjibu ndio maana tunafunika upande mmoja tu. Hata hio sikua naijua, nilidhani ni blanketi imekua fupi. Na uyoga pia ni kazi yao, mchwa huko ndani wanalisha ukungu na majani na miti wametafuna, wanaufuga ndio wanakula, halafu mvua ikija vizuri unatokeza juu kama uyoga mweupe mnene. Kwa hivyo kichuguu kimoja unavuna mara mbili. Uyoga wa mahali pengine kwetu hauingii jikoni hata uwe mrembo namna gani, kikapu kinamwagwa mbele ya kukhu na yeye ndio anachambua, na hakuna kubishana na yeye.

Basi msitu. Kwa wale hamjui, msitu wa Kakamega ndio kipande kimebaki Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo na Afrika magharibi, ndo maana uko na ndege na nyoka na vipepeo ambao hutawaona Aberdare wala Mau. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS, watu wa misitu wa serikali, na ndio karibu na sisi. Kule kaskazini Buyangu ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, wale wa wanyamapori, tangu 1985. Watu wengi wakija wanadhani ni lango moja.

Huku kusini tunapanda kilima cha Lirhanda kabla jua litoke. Mnatoka giza giza na mwongozaji, tochi mkononi, umande unawalowesha mpaka magotini, mnafika juu mnakaa kwa nyasi na msitu wote uko chini yenu umefunikwa na ukungu na jua linachomoza upande wa ule ukingo wa Nandi. Picha yangu ya Facebook ni hapo. Lakini watoto wangu huko juu hawaangalii jua, wao wanataka kushuka kwa lile shimo la dhahabu. Miaka ya mwanzo ya 1930 kulikua na mbio za dhahabu hapa Kakamega, wazungu walichimba kila mahali, na kwa Lirhanda wakaacha handaki linaingia ndani ya kilima. Sai ni nyumba ya popo. Kazi ya wavulana ni kushika tochi chini, wasiwamulike usoni, na kazi yangu ni kubaki nje nikisema mimi naangalia mabegi.

Nikiwa hapo kwa dhahabu niseme na hii, mashimo yako pia nje ya msitu, upande wa Ikolomani na Rosterman watu bado wanachimba, mengine yameachwa wazi na nyasi zimeota juu, na wakati wa mvua udongo unateremka. Huko hatukatishi mashamba ya watu tukitafuta njia ya mkato, tunafuata barabara hata kama ni mbali, na hio sijali ni nani anacheka.

Ndani ya msitu kitu unafaa kuogopa si chui, ni siafu. Vifutu wapo ndio, hata yule wa Gaboni mwenye rangi za majani makavu kabisa, unaweza kumpita hatua moja usimuone, ndo maana tunavaa gambuti na hatutoki kwa njia. Lakini nyoka anataka umwache. Siafu hawataki kukuacha. Baba watoto alisimama kutuonyesha mti, amenyoosha mkono anaeleza vizuri kabisa vile mti mwingine umeuzunguka ukaunyonga, na hakuangalia chini. Siafu hawang'ati wakifika, wanapanda kwanza wanajipanga, halafu ni kama kuna mtu anapuliza filimbi. Yule mwalimu wangu wa miti nilimuona akiruka, akavua gambuti moja, akavua suruali, akakimbia nayo mkononi ndani ya msitu wa serikali, na watoto wamekaa chini hawawezi kupumua kwa kicheko. Mwongozaji wetu, kijana mpole sana, aligeuka akaangalia upande mwingine kwa heshima. Halafu akatuambia tusitoke bado, tusogee tu pembeni na tunyamaze.

Na kweli. Siafu wakitembea kwa msitu wanafukuza kila kitu kiko chini ya majani, mende, buibui, panzi, vyote vinatoka mbio, na kuna ndege wamejua hio siri wanafuata msafara wao kungojea mbele. Tulikaa hapo tukawaona wakishuka mmoja mmoja, wadogo, rangi ya udongo, wengine na rangi kidogo shingoni, mahali dakika chache kabla hakukua na hata ndege mmoja. Kifungua mimba, huyu wa sekondari mwenye sai ana aibu ya kuonekana na sisi, alishika darubini akakataa kumpa mtu.

Hapo ndo tuliingia kwa mambo ya ndege. Upande wa Buyangu huruhusiwi kuokota kitu, hakuna kuni hakuna uyoga hakuna jani, na kwa familia ya vikapu hio ni shida, mnaenda kufanya nini sasa? Huku kusini angalau utapata wamama na vibali vyao vya kuokota kuni zilizokauka wanapitia hapo na mzigo kichwani mnasalimiana. Kwa hivyo kule shughuli yetu ikawa orodha. Kuna kitu inaitwa Kenya Bird Map, watu wa Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya ni kati ya wenye wako nyuma yake, ilianza 2013. Nchi yote imegawanywa vipande vya mraba vya kama kilomita 9 kwa 9, unachukua kipande chako, unaandika kila ndege umeona ama umesikia kwa angalau saa 2, na ukitaka unaendelea kuongeza kwa hio orodha mpaka siku 5, unatuma na simu. Si mchezo wa shule, inaenda kwa ramani kweli. Kifungua mimba alisikia "simu" akasimama wima. Sai yeye ndo karani, bando namnunulia mimi, na wale wadogo ndio macho. Na wanapigana vibaya, wa katikati anasema ameona, karani anasema umeona mkia tu siandiki mkia.

Wenye hawabishaniwi ni hondohondo kwa sababu unawasikia kabla uwaone, mabawa yao yanavuma juu ya miti mpaka unainama. Wale weusi na weupe wenye kofia juu ya mdomo. Jike akitaka kutaga anaingia kwa tundu la mti mlango unazibwa na udongo unabaki ufa tu, na bwana analeta matunda anapitisha hapo wiki na wiki. Nilimwangalia baba watoto. Akasema na yeye hulipa karo.

Mbega pia. Watoto walipojua mbega hana kidole gumba walikaa chini ya mti wakijaribu kushika matawi na vidole vinne, na tukiwa hapo tukaona mama amebeba mtoto mweupe pepepe, si mweusi na mweupe, mweupe wote. Wanazaliwa hivo, weusi unakuja baadaye. Kitinda mimba akaamua huyo ni mzungu wao na hakuna mtu ameweza kumtoa hapo.

Uvuvi sitauongea sana coz ni wa baba na wavulana na mimi kazi yangu ni kukaanga kile kimeletwa, na kile kinaletwa ni kidogo. Wanachimba nyungunyungu nyuma ya zizi, wanatia kwa mkebe na udongo kidogo, fito, mshipi na ndoano wanashuka mto Isiukhu. Kambare wa urefu wa mkono wangu (hadithi), kambare wa urefu wa kijiko (sufuria). Lakini wanarudi wakiwa wameongea. Huyo kijana wa sekondari kwa meza anajibu "eeh" na "sijui", mtoni kwa sababu wote wanaangalia maji na si kuangaliana, sijui ni nini hutoka, lakini mambo ya shule mimi huyasikia kupitia huko.

Kuangalia mafahali wakipigana tunaenda mara moja moja. Hio ni asubuhi mapema kabisa, isukuti, ngoma za huku, zinapita barabarani gizani na fahali katikati na kijiji kizima kinakimbia nyuma, na kama hujawahi kusikia isukuti saa kumi na moja asubuhi ikikuja na kuongezeka karibu na dirisha lako basi bado. UNESCO waliiweka hio ngoma 2014 kwa orodha ya mila zinahitaji kulindwa haraka. Sharti langu ni moja, tunasimama karibu na mti wa kupandika, kwa sababu fahali akishindwa hatafuti lango anapita mahali ameona watu.

Kwa wale huniuliza inbox mnakuja lini, mambo machache ya maana. Njooni asubuhi. Mvua ya huku hunyesha sana mchana kuelekea jioni, na ni mvua ya radi, si mchezo, saa nane ikikupata juu ya kilima umejiletea, sisi saa saba tuko nyumbani. Chomekeni suruali ndani ya soksi, mmeshasikia sababu. Buyangu wanalipisha kwa eCitizen kwa hivyo simu iwe na chaji kabla ufike langoni. Chukueni mwongozaji wa hapo, si lazima kisheria kwa kila njia lakini huyo kijana wa siafu bila yeye tungeona tu miti. Na mkiwa na watoto wapeni kitu cha kubeba, hata ikiwa ni kikapu kitupu.

Likizo ya Agosti tunataka kutoka Kakamega kabisa twende Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamebebana upande wa Seme kwa barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Karani wetu ndo amepewa nauli ya watu wote ashike na ameshatangaza soda haiko kwa bajeti. Kukhu ametutuma omena (dagaa), anataka ya Kisumu kabisa si ile ya hapa soko ati imekaa. Baba watoto anasema tununue tukipita Kondele, pale Kisumu, asubuhi ikiwa bado nzuri, mimi nasema siwezi panda matatu na omena mpaka Seme halafu nipande nayo mawe halafu nirudi nayo, tununue tukirudi. Yeye anasema tukirudi itakua imeisha. Hapo ndo tumefika.